"Kila nikizoea Unguja, nahamishiwa Hamburg": namna ya kusoma riwaya ya nyakati mbili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Tuko wanawake saba, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kujadili kitabu. Safari hii tumechagua riwaya ya Kiingereza inayokwenda kwa nyakati mbili. Upande mmoja ni Unguja ya miaka ya 1860: binti wa Sultani, ndugu zake wanagombea kiti, na yeye anampenda mfanyabiashara Mjerumani wa nyumba ya jirani. Upande wa pili ni siku hizi, mjini Hamburg: mwanamke aliyeachika anakuta kasha la barua darini kwa bibi yake. Nimefika nusu na nimechoka. Kila nikizoea Unguja, nahamishiwa Hamburg. Nimeanza kuruka sura za Hamburg, na wenzangu wananilaumu. Je, nasoma vibaya? Na nitajuaje kipi ni historia na kipi kimetungwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea kuchoka. Ila hizo sura unazoziruka ndizo zinazoshikilia zile unazozipenda, na nitajitahidi kukuonyesha kwa nini.

Riwaya za namna hii hujengwa kwa kukatiza. Mlango unagongwa usiku wa manane, binti anazima taa, unafungua ukurasa unakuta mtu anachemsha kahawa Hamburg. Mwandishi amekukata makusudi pale pale panapochemka, ili uende na joto lile mpaka sura inayofuata. Na kila ukihamishwa inabidi ujiulize upya: huyu ni nani, yuko wapi, mpaka sasa anajua nini? Hiyo ni kazi, na kwa mtu anayeshika kitabu baada ya zamu ya usiku ni kazi kubwa.

Lakini kusikiliza kisa cha nyakati mbili si jambo geni kwako. Bila shaka umewahi kukaa jikoni na bibi yako, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, huku anakusimulia mambo ya usichana wake. Pale kuna nyakati mbili. Kuna wakati wa kisa, na kuna wakati wa ile mbuzi, moshi, na wewe mtoto unayeuliza maswali. Anasimulia vizuri, anacheka, mpaka anafika kwa kijana fulani aliyekuwa akipita karibu na kwao kila jioni. Mara anageukia chungu: "Hebu kaongeze kuni." Ukirudi, kisa kimeruka miaka mitatu na tayari ameshaolewa na babu yako. Ile "kaongeze kuni" ni sehemu ya kisa. Utotoni hukuiona, na leo ukiikumbuka unaanza kuhisi ilikuwa inafunika nini. Sura za Hamburg katika riwaya yenu ndizo hilo jiko. Ukiziruka, unabaki na maneno ya bibi bila kumwona bibi akinyamaza.

Sasa nikusogeze karibu na huyo binti wa Sultani. Hata kama mwandishi wenu amempa jina jingine, huyo ametoka kwa Bibi Salme, na maisha ya Bibi Salme yalikuwa na nyakati mbili kabla mtunga riwaya yeyote hajayagusa.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mama yake ni Jilfidan, suria wa asili ya Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha kwa siri. Ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake kwamba alichukua Kurani akawa anaziiga herufi zake, moja moja, juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao enzi hizo ulitumika kama ubao wa kuandikia. Tafadhali usiusahau mfupa huo, kwa sababu njama na mapenzi ya kisa hiki vyote vimetoka hapo.

Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Mwanawe Majid akatawala Unguja, mwanawe mwingine Thuwaini akabaki na Oman, na ndugu yao Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 Barghash akapanga kumpindua Majid. Dada zake kadhaa walikuwa upande wake, na aliyekuwa mstari wa mbele ni Khole, ambaye Salme alimpenda kupita wote. Njama inahitaji barua, na barua inahitaji mwandishi asiyeweza kushukiwa. Ndani ya kuta zile alikuwepo msichana wa miaka 15 anayejua kuandika. Basi Salme akawa karani wa uasi dhidi ya kaka yake Majid, ambaye ndiye aliyekuwa amekaa naye nyumba moja utotoni na kumtendea wema.

Umeniuliza utajuaje kipi kimetungwa. Nianze na onyo hili: kile kinachoonekana kama uzushi wa riwaya mara nyingi ndicho cha kweli. Majid alipogundua njama, askari wakaizingira nyumba ya Barghash. Dada zake wakaenda usiku na msafara wa wanawake wao, wakaingia, wakamvika Barghash nguo za kike, wakamfunika gubigubi mpaka yakabaki macho, wakatoka naye katikati yao mbele ya askari wale wale. Hakuna askari aliyethubutu kumfunua mwanamke wa jumba. Barghash akafika shambani kwa wafuasi wake, vita vikapiganwa, Waingereza wakamsaidia Majid, na mwisho Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Kama tukio hilo limo katika riwaya yenu na ulitikisa kichwa ukisema "hapa mwandishi kazidisha", basi hapo hakuzidisha kitu.

Kilichofuata riwaya nyingi hukipitia haraka, nami nadhani hapo zinakosea. Majid hakuwaadhibu dada zake. Baada ya muda Salme alipatana naye, na kwa kupatana na Majid akawapoteza wenzake wa upande wa Barghash, Khole akiwemo. Mama yake alikuwa ameshafariki kwa kipindupindu mwaka ule ule wa 1859. Akawa binti wa mfalme asiye na upande katika jamaa yake mwenyewe. Ni katika hali hiyo alipohamia mjini, kwenye nyumba iliyopakana na ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Mji Mkongwe unaujua au umeuona kwenye picha: nyumba zimebanana, mapaa yanatazamana. Salme alisimulia kwamba paa la Ruete lilikuwa chini kidogo ya lake, na kwamba kutoka dirisha la juu aliweza kuwaona Wazungu wakila chakula cha jioni.

Kwa hiyo unaposoma, usigawe kitabu mafungu mawili, hili la fitina na hili la mahaba. Kama Salme asingejua kuandika, asingeingia katika njama. Kama asingeingia katika njama, asingebaki peke yake. Mtu mwenye ndugu wamemjaa sebuleni hakai dirishani jioni nzima akitazama wageni wakila. Mwandishi mzuri anakufanya uusikie upweke huo kurasa nyingi kabla Mjerumani hajatokea. Mwandishi dhaifu anamleta Mjerumani mwenye macho ya buluu, anakuomba uamini kwamba macho yalitosha.

Agosti 1866, akiwa mjamzito, Salme aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Mtoto wa kiume akazaliwa huko Desemba. Ruete alibaki nyuma akimalizia shughuli zake, akamfuata mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa, kisha wakaelekea Hamburg. Mtoto yule alifariki njiani. Huko Ujerumani wakazaa wengine watatu, na mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu. Salme hakuwa ametimiza miaka 26. Mjane, katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo wasiojua Kiarabu wala Kiswahili.

Mwaka huo huo wa 1870 Majid pia alifariki, na aliyekalia kiti ni Barghash. Pumzika kidogo hapa, mwanangu. Kaka yule ambaye Salme alikuwa karani wa njama yake mwaka 1859 sasa ndiye Sultani. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani, akitumaini kusamehewa na kupata urithi wake. Serikali ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, ilikuwa na mahitaji yake: dada wa Sultani mwenye uraia wa Kijerumani ni kisingizio kizuri cha kuleta mizinga bandarini, wakati Wajerumani wanataka Barghash akubali madai yao huku bara. Barghash akakataa kumwona. Mwaka uliofuata, 1886, kumbukumbu za Salme zikachapishwa kwa Kijerumani.

Katika kumbukumbu hizo, kitabu kizima kilichojaa majumba, mavazi, dawa, futari, sikukuu na ndugu, jambo ambalo kila msomaji wa Ulaya alilifungulia kurasa, yaani mapenzi yake na Ruete, limepewa nafasi ndogo mno. Walikuwa majirani, wakapendana, akaondoka. Mimba haitaji kabisa. Aliyeandika kurasa nyingi kuhusu namna watoto wa jumba walivyovishwa na kulishwa, alipofika hapo alisema, "Kaongeze kuni."

Hapo ndipo mtunga riwaya anapoingilia. Alichukua ukimya wa Salme akaujaza kwa dirisha, taa, maneno ya mahaba, mkono juu ya mkono. Ana haki ya kufanya hivyo, ndiyo kazi yake. Lakini msomaji anatakiwa ajue kwamba sehemu tamu kuliko zote ya kitabu ndiyo yenye ushahidi mdogo kuliko zote. Ukitaka kuona kama mwandishi ni mwaminifu, tazama anavyoutumia upande wa Hamburg. Mwanamke wa leo yupo pale ili aseme kwa niaba yetu: barua hii imekatika, picha hii haina jina nyuma, hapa sijui. Kama barua zote zinapatikana, zinasomeka, na zinajibu kila swali kwa mpangilio, basi huyo mwanamke wa Hamburg ni tarishi tu, na hapo una haki ya kuchoka. Kama kuna jambo analikisia, na wewe uliyetoka sura ya Unguja unajua amekisia vibaya, kaa kitako. Kitabu kimeanza kufanya kazi yake.

Abdulrazak Gurnah alilibeba jambo hili kwa ujasiri mkubwa katika Desertion, riwaya yake ya mwaka 2005. Inaanza mwaka 1899, mji mdogo wa pwani ya Kenya, Mwingereza anatokea nyikani hoi, muuza duka anampokea nyumbani, na dada wa muuza duka ndiye atakayependana na mgeni. Wasomaji wanangoja waone walivyofikiana. Badala yake msimulizi anasimamisha kisa na kukiri kwamba hajui ilivyotokea, kisha anatupeleka Unguja ya miaka ya 1950, kwenye mapenzi mengine yaliyotiwa doa na yale ya kwanza. Nimewaona watu wakikasirika hapo. Mimi napaheshimu sana mahali pale. Kikundi chenu kikimaliza kitabu hiki, someni na hicho, mlinganishe.

Na hilo kasha la barua darini, ambalo nadhani ulilidharau kama nilivyowahi kulidharau mimi, halikutoka hewani. Salme alifariki mwaka 1924 mjini Jena, na miongoni mwa karatasi zake kulikutwa maandishi marefu yaliyopangwa kama barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, yakieleza maisha yake Ujerumani: baridi, lugha, umaskini, kuvaa nguo asizozizoea, kutazamwa kama kitu cha maonyesho. Barua hizo hazikuchapishwa mpaka miaka ya 1990. Kwa karibu miaka 70 zilikuwepo, na umma haukuzisoma. Mwandishi wa riwaya za nyakati mbili hahitaji kubuni kasha la darini. Anahitaji tu kusubiri.

Sasa tuje kwenye namna ya kusoma yenyewe.

Chukua karatasi moja, ikunje katikati kwa urefu, uiweke ndani ya kitabu. Kushoto Unguja, kulia Hamburg. Kila sura ikianza andika mambo manne tu: mwaka, umri wa mhusika mkuu, nani anaijua siri, na kile kitu kinachosafiri kiko mkononi mwa nani. Karibu kila riwaya ya aina hii ina kitu kinachosafiri. Kinaweza kuwa barua, kidani, ufunguo, au leso yenye herufi zilizotariziwa. Usihangaike kuandika muhtasari wa kisa, utachoka zaidi. Fuata hicho kitu. Siku kikionekana Hamburg kabla hujakiona kikitoka Unguja, weka alama, kwa sababu mwandishi amekudokezea kwamba njia yake haikuwa ile unayoidhani.

Miaka na umri vinafaa kwa jambo jingine. Fanya hesabu. Binti aliyezaliwa mwaka 1844 hawezi kuwa bibi mzaa mama wa mwanamke wa miaka 40 anayeishi leo. Watoto wake walizaliwa kati ya 1868 na 1870, na kutoka hapo lazima vizazi vingine vitatu au zaidi vipite. Mwandishi akiruka kizazi, au ameteleza, au kuna mtu amefichwa katika ukoo. Mara nyingi ni hilo la pili, na wewe utakuwa umegundua siri kurasa mia moja kabla ya wenzako.

Kuhusu historia, huna haja ya kuwa na maktaba. Zishike tarehe chache uzitumie kama kipimo. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilijengwa na Barghash mwaka 1883, kwa hiyo mpenzi yeyote anayesubiri chini ya kibaraza chake mwaka 1866 anasubiri chini ya jengo ambalo halijajengwa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, basi meli ya mwaka 1866 haiwezi kupita pale. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, kwa hiyo kabla ya hapo habari ya Ulaya ilikuja na meli, na mtu aliweza kuomboleza mwezi mzima kwa jambo lililokwisha. Dola ya Ujerumani iliundwa mwaka 1871. Ruete alipopanga ile nyumba alikuwa mtu wa Hamburg, mji uliokuwa na mkataba wake wa biashara na Unguja tangu 1859. Ukikuta mhusika wa mwaka 1866 anahofia "Dola ya Ujerumani kuchukua pwani yetu", mwandishi amemvisha hofu ya mwaka 1885.

Makosa ya namna hiyo mimi huyasamehe yakiwa madogo. Nisichosamehe kwa urahisi ni giza linaloachwa makusudi. Riwaya za mahaba hupenda kuwasha taa barazani na kuliacha shamba gizani. Unguja ya miaka ile iliishi kwa karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la mjini halikufungwa mpaka mwaka 1873. Salme mwenyewe alikuwa na mashamba na watumwa, na katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa wa Kiarabu mbele ya wasomaji wa Ulaya. Hilo nalo ni la kweli, na ni zito. Kwa hiyo katika kila tukio la mapenzi, uliza swali dogo: nani ameleta taa? Nani ameibeba ile barua ya siri kutoka nyumba hii mpaka ile, na angekamatwa angefanywa nini? Kama mtu huyo hana jina mpaka mwisho wa kitabu, zungumzeni jambo hilo Jumamosi. Ninyi wasomaji wa Morogoro mna haki ya kuliuliza kuliko wengi, maana misafara ya watumwa ilipita huko huko kwenu.

Kuna faida nyingine mliyo nayo ambayo msomaji wa London hana. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini watu wa Unguja ndani yake walikuwa wakizungumza Kiarabu na Kiswahili. Kwa hiyo rudisheni maneno nyumbani kwao. Mkikuta ndugu wa "nusu", huyo ni ndugu wa baba mmoja, na kwa watoto wa Seyyid Said, waliokuwa 36 hai alipofariki, wengi wao wa mama mbalimbali, hilo ndilo chimbuko la kambi zote: nani kanyonya na nani, nani kakaa nyumba moja na nani. Mkikuta binti amefunika uso kwa kinyago, hiyo ni barakoa, kitu cha heshima kilichotariziwa, kile kile kilichomo katika picha maarufu ya Salme. Mama yake akiitwa mtumwa au kimada, ninyi mna neno suria, na mnajua kwamba kisheria mtoto wa suria ni sawa na mtoto wa mke. Bila hilo hamtaelewa kwa nini binti wa mwanamke aliyenunuliwa alikuwa binti wa mfalme kamili. Hata saa: akiambiwa aje saa moja usiku, kwa hesabu ya watu wa pale ni jua limeshazama. Na kama barua ndani ya riwaya ina tarehe ya Hijria, usiiruke. Mwaka 1283 ulianza Mei 1866, na huenda mwandishi ameficha mwezi wa kuondoka humo humo.

Kiingereza chenyewe kisikutishe. Sura za zamani katika vitabu hivi huandikwa kwa maneno mazito ili zisikike kama za kale, na sura za sasa kwa maneno mepesi. Ukikwama Unguja, soma kwa sauti ukurasa mmoja, kisha endelea. Kamusi fungua kwa neno linalorudi mara ya tatu.

Sasa, kuruka. Nikuambie kilichonipata mimi. Miaka mingi iliyopita nilisoma riwaya ya namna hii nikafanya kama wewe: nikazisoma sura zote za zamani mfululizo, nikalia, nikafunga kitabu. Mwaka uliofuata nikatakiwa kuifundisha, nikalazimika kuisoma kwa mpangilio wake. Katika sura moja ya wakati wa sasa, mistari miwili tu, mjukuu anaona kwamba bahasha ya barua ile iliyoniliza bado imefungwa kwa nta. Haikuwahi kufunguliwa. Yule mwanamume niliyemlaumu kwa ukatili hakuwahi kuisoma. Nilikuwa nimembeba moyoni mwaka mzima kama mtu mbaya. Tangu siku ile huwashauri watu wasome kwa mpangilio wa mwandishi mara ya kwanza, na kama kitabu kimewagusa, mara ya pili wafuate mkondo mmoja peke yake. Mara ya pili ndipo utakapoona mwandishi alikuwa anahama wakati gani, na alihama ili asionyeshe nini.

Kweli, kuna vitabu ambavyo upande wa sasa ni dhaifu kabisa. Yule mwanamke aliyeachika anakunywa kahawa, anakutana na mtunza kumbukumbu mwenye sura nzuri, wanapendana kwa sababu kitabu kinahitaji mapenzi mawili. Mkiona hivyo semeni wazi, hamna deni kwa mwandishi. Lakini msiseme kabla ya kujaribu jambo hili. Mkikutana, mmoja asome kwa sauti kurasa mbili za mwisho za sura ya Unguja, na mwingine asome papo hapo ukurasa wa kwanza wa sura ya Hamburg, bila kuzungumza katikati. Kisha ulizaneni ni kitu gani kimevuka. Inaweza kuwa harufu ya karafuu, neno linalojirudia, dirisha na dirisha, kosa na kosa. Fanyeni hivyo mahali patatu tofauti. Pasipovuka kitu popote, Hamburg ni pambo tu. Pakivuka kitu hata mara moja, rudini nyuma mzisome sura mlizoziharakisha.

Wewe peke yako, kabla ya Jumamosi, rudi kwenye sura ya kwanza ya Hamburg uliyoiruka. Soma polepole pale kasha linapofunguliwa, uandike kwenye karatasi yako kila kilichomo, hata uzi na vumbi. Utakapofika pale binti anapoiacha Unguja usiku, angalia anachobeba, ukilinganishe na orodha yako.